Tuwafunze madaktari wa akili kutafiti, si kuandika tasnifu za kabatini

Kila mwaka madaktari kadhaa wa humu nchini hukamilisha masomo ya ubingwa wa maradhi ya akili katika vyuo vikuu vyetu. Kabla ya kuvishwa joho, kila mmoja hutakiwa awasilishe tasnifu ya utafiti alioufanya mwenyewe. Tasnifu hiyo huchapwa, hutiwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, hutetewa mbele ya wahadhiri, kisha hupelekwa maktabani. Huko hukaa. Ni nadra kusikia kwamba mojawapo imebadilisha kipimo cha dawa katika wodi fulani, au imemfanya muuguzi wa Lodwar amwulize mgonjwa wake swali tofauti na lile alilokuwa akiuliza jana.

Mimi si tabibu. Lakini mlaji naye ana haki ya kuuliza chakula kimepikwaje, na katika suala la maradhi ya akili sote tu walaji. Ni vigumu kupata ukoo nchini usiokuwa na mtu aliyewahi kufungiwa chumbani, kupelekwa kwa mganga, kuombewa usiku kucha au kulazwa Mathari. Kwa hivyo naomba niseme wazi ninaloliamini: namna tunavyowafunza madaktari wetu wa akili inawanyima silaha moja muhimu, nayo ni uwezo wa kugeuza tatizo la wodini kuwa swali la kisayansi, na kulirudisha jibu lake wodini.

Utafiti wa namna hiyo tuuite utafiti wa uvushaji. Anayeijua Mombasa na akumbuke feri ya Likoni. Ng'ambo moja wapo wanasayansi wa chembe za urithi, wa kemia ya ubongo na wa takwimu. Ng'ambo ya pili wapo wagonjwa, jamaa zao na wauguzi. Feri ikikwama, kila upande hubaki na shehena yake: wenye maabara hugundua mambo yasiyomfikia mtu, na wenye wodi huona mambo yasiyochunguzwa na mtu. Aidha, feri haivushi abiria wa upande mmoja tu. Swali hutoka wodini likaenda maabara, na jibu hutoka maabara likaja wodini, na pengine likaendelea hadi zahanati ya kijijini. Nahodha anayetakiwa ni daktari anayezijua gati zote mbili, atibuye asubuhi na kutafiti alasiri.

Si ndoto hiyo. Dawa ya lithiamu, ambayo hadi leo ni nguzo ya tiba ya watu wanaopandwa na wazimu wa furaha kisha wakatumbukia katika huzuni nzito, ilivushwa na daktari wa namna hiyo. John Cade alikuwa daktari wa akili wa Australia aliyekaa zaidi ya miaka mitatu katika kambi ya mateka wa Wajapani kule Changi, Singapore, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aliporudi kwao aliajiriwa katika hospitali ndogo ya Bundoora, karibu na Melbourne. Hakuwa na maabara ya maana. Alitumia chumba kilichokuwa jiko, akafuga simbilisi, wale wanyama wadogo mfano wa sungura, akawadunga mkojo wa wagonjwa kwa kuwa alishuku kwamba wazimu huletwa na sumu fulani inayotoka mwilini kwa njia hiyo. Dhana yake haikuwa sahihi. Lakini katika kuichunguza alitumia chumvi ya lithiamu, akaona wanyama wametulia. Akainywa mwenyewe kwanza, halafu akawapa wagonjwa kumi waliokuwa wamepandwa na wazimu. Makala yake ilichapishwa mwaka 1949.

Mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa ameugua kwa miaka mingi, alipata nafuu akarudi kwao na kazini. Mwaka 1950 mgonjwa huyo huyo alifariki kwa sumu ya dawa iyo hiyo. Msiba huo ni sehemu ya sababu ya madaktari wa leo kupima kiasi cha lithiamu katika damu. Daktari wa Denmark, Mogens Schou, ndiye aliyeanza mwaka 1954 kuichapisha tafiti za kulinganisha zilizoipa dawa hiyo heshima ya kisayansi. Ninachotaka msomaji akione hapa ni kwamba hakuna kiwanda cha dawa kilichomtuma Cade. Swali lake alilipata kwa kuwa alishinda na wagonjwa siku nzima, na hakuwa mtu wa kuliacha swali lipite.

Tusikae sana Australia, kwani liko jambo linalotuhusu sisi katika damu yetu wenyewe, na silitumii neno damu kwa mafumbo.

Kuna dawa iitwayo klozapini. Hutumiwa kutibu skizofrenia iliyokataa kusikia dawa nyingine. Mwaka 1988 John Kane na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 268 walioshindikana. Waliopewa klozapini, asilimia 30 walipata nafuu ya kuonekana. Waliopewa klorpromazini, dawa kongwe inayojulikana sana katika wodi zetu, walikuwa asilimia 4 tu. Kwa mama ambaye mwanawe amekuwa akizungumza na kuta kwa miaka kumi, tofauti ya 30 na 4 si hesabu ya darasani.

Hata hivyo klozapini ina hatari yake. Kwa wagonjwa wachache hushusha chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, hadi mtu akafa kwa maambukizi madogo. Mwaka 1975 wagonjwa wanane walifariki nchini Finland, na dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Iliporudishwa, ilirudishwa kwa masharti: damu ipimwe kila wiki katika miezi ya mwanzo, na chembe hizo za kinga zikishuka chini ya 1,500 kwa kila mikrolita ya damu, mgonjwa aachishwe dawa.

Hiyo 1,500 ilitoka wapi? Ilitokana hasa na damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Na hapa ndipo penye kisa. Sehemu kubwa ya Waafrika wa kusini mwa Sahara tuna umbo fulani la jeni ya Duffy ambalo huzuia vijidudu vya malaria ya aina ya vivaksi visiingie katika chembe nyekundu. Tumelirithi kwa mababu waliopona kwa sababu yake. Umbo hilo hilo huenda pamoja na kuwa na chembe nyeupe chache zaidi katika damu inayozunguka, bila mtu kuugua na bila kuwa mwepesi wa kuambukizwa. Wanasayansi wa chembe za urithi walithibitisha uhusiano huo katika miaka ya 2008 na 2009. Maana yake ni kwamba mtu mzima wa afya, asiyewahi hata kuiona klozapini, anaweza kupimwa damu akaambiwa hana sifa ya kupewa dawa hiyo; na yule aliyeanza kuitumia na kupata nafuu akaachishwa kwa kuwa damu yake inafanana na ya babu yake badala ya kufanana na ya mtu wa Helsinki. Marekani iliweka mpaka wa chini zaidi kwa watu wenye hali hiyo mwaka 2015, baada ya wagonjwa wengi weusi wa huko kunyimwa dawa kwa miaka.

Sasa mfikirie daktari kijana aliyetumwa Taveta au Homa Bay. Mezani ana karatasi ya maabara yenye tarakimu 1,300, na mbele yake ameketi kijana aliyeanza kuitambua familia yake tena. Daktari aliyefunzwa kufuata kitabu atamwachisha dawa. Daktari aliyefunzwa kusoma matangazo ya Marekani atampunguzia mpaka. Daktari ninayemtamani mimi atajiuliza: je, watu wa hapa wenye afya njema wana chembe ngapi? Swali hilo lina pa kuanzia. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wakazi wa Kericho ulioonyesha kwamba vipimo kadhaa vya damu ya watu wazima wenye afya hutofautiana na vile vinavyohesabiwa vya kawaida Marekani. Kuutoa ujuzi huo kwenye jarida na kuufikisha kwenye karatasi ya maagizo ya klozapini katika hospitali ya kaunti ndiko kuvusha. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya mabilioni. Inahitaji mtu anayeijua dawa, anayeijua damu, anayejua takwimu, na aliyepewa muda.

Wapo watakaosema kwamba majibu yatatoka ng'ambo kama kawaida, nasi tutayatumia. Historia yetu inatukanya. Hifadhi ya wendawazimu ya Nairobi, ambayo sasa ni hospitali ya Mathari, ilifunguliwa mwaka 1910. Utafiti wa akili za Waafrika ulifanywa mapema katika nchi hii, tena kwa bidii. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon wa Mathari alihubiri kwamba ubongo wa mwenyeji una upungufu wa asili, na mwenzake F. W. Vint alikuwa akipima uzito na unene wa bongo za maiti ili kuyapa madai hayo sura ya sayansi. Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye wakati huo hakuwa na ubingwa wowote wa maradhi ya akili. Alikaa hapo hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamchapishia maandishi mengine, yaliyoieleza Mau Mau kama ugonjwa wa nafsi. Watu waliodai ardhi yao wakaandikiwa cheti cha daktari!

Naam, huo nao ulikuwa uvushaji: kutoka meza ya kupimia bongo hadi sera ya dola. Aliyekuwa hayupo katika safari hiyo ni daktari wa Kiafrika mwenye ujuzi wa kulikagua hesabu kwa hesabu na kulikataa. Alipopatikana, mambo yaligeuka. T. A. Lambo, Mnigeria aliyesomea ubingwa Uingereza, alifungua huduma za Aro, mjini Abeokuta, mwaka 1954. Aliwalaza wagonjwa katika nyumba za wanakijiji pamoja na jamaa zao, akaandika alichokiona, akayapinga madai ya akina Carothers kwa ushahidi, kisha akashirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell katika uchunguzi mkubwa wa maradhi ya akili miongoni mwa Wayoruba uliochapishwa mwaka 1963. Kilichoiondolea hoja ile heshima ni data iliyokusanywa na mtu anayeijua lugha ya mgonjwa. Hotuba za hasira peke yake zisingeitikisa.

Sisemi kwamba Kenya haina madaktari watafiti. Profesa David Ndetei na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi, ikiwemo ile ya Makueni iliyowahusisha waganga wa kienyeji na viongozi wa dini katika kuwatambua wagonjwa. Profesa Lukoye Atwoli ni jina linalojulikana hapa na nje. Lakini ukiwahesabu watu wa daraja hiyo vidole vya mikono vinatosha, na wengi wao walijitengenezea njia wenyewe porini. Mfumo haukuwazaa, waliuzidi nguvu. Hatuwezi kuijenga taaluma kwa kutegemea watu wanaozidi nguvu mfumo.

Tuutazame mfumo wenyewe. Daktari anayesomea ubingwa huzunguka wodi, kliniki, zamu za usiku na mahakama, maana hata washtakiwa wanaodaiwa kuwa na wazimu wanamngoja yeye. Wapo wanaojilipia karo na kuitumikia hospitali bila mshahara, huku wakifanya vibarua katika hospitali za binafsi usiku ili walipe kodi ya nyumba. Katikati ya hayo yote anakumbushwa kwamba muda wa tasnifu umewadia. Afanyeje? Huchukua hojaji iliyokwishatungwa, hutafuta kundi la watu walio karibu, huwahoji, huhesabu asilimia, humaliza. Pitia orodha za tasnifu hizo uone zinavyofanana kama pacha: kuenea kwa maradhi fulani miongoni mwa watu fulani katika hospitali fulani. Silaumu vijana. Mtu aliyepewa wiki chache na senti zake mwenyewe hawezi kuulizwa kwa nini hakufuatilia wagonjwa kwa miaka miwili.

Na hata hojaji hizo zina kasoro ambayo wasomaji wa ukurasa huu wataielewa upesi kuliko maprofesa wengi. Nyingi zilizaliwa kwa Kiingereza. Mgonjwa anaulizwa kwa Kiswahili kama ana huzuni, naye anajibu hapana, kwa sababu kwake huzuni ni ya msiba na hajafiwa. Anachokijua ni kwamba ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, kichwa kinatambaa kama kina wadudu. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno sonona. Hapa kwetu wengine husema mfadhaiko, wengine depresheni, na wengi hawasemi lolote. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na neno la watu wenyewe, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Akawafunza akina nyanya waketi kwenye benchi katika viwanja vya zahanati za Harare na kuzungumza na wanaosumbuliwa. Hakuishia kwenye kusifiwa magazetini. Aliijaribu tiba hiyo kwa utafiti wa kulinganisha wenye washiriki 573, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, na waliozungumza na nyanya walikuwa wamepona dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Benchi, nyanya na takwimu. Nani atasema utafiti wa uvushaji ni anasa ya matajiri?

Hoja nzito dhidi yangu naijua, na haifai kupuuzwa. Kwa kila watu laki moja wa nchi hii hatuna hata daktari bingwa mmoja wa akili. Kaunti kadhaa zimekaa miaka na miaka bila mmoja. Je, si ukatili kumchukua daktari adimu kama huyo na kumfungia maabara akihesabu jeni, ilhali foleni ya wagonjwa inapinda kona?

Ningekubali hoja hiyo kama nafasi ya daktari mmoja zaidi ingeimaliza foleni. Haiwezi. Hata tukiwaongeza maradufu bado wengi wa wagonjwa wetu watahudumiwa na wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa vijijini. Kwa hivyo swali la maana ni hili: wahudumu hao wafanye nini, kwa dawa gani, kwa maneno gani, na nani amethibitisha kwamba kinafaa hapa? Daktari mmoja anayetibu huwafikia wagonjwa walio mbele yake. Daktari mmoja aliyebainisha mpaka sahihi wa chembe za damu kwa wanaotumia klozapini amewafikia wagonjwa wa hospitali ambazo hatakanyaga maishani. Na kwa kuwa ni wachache, ndiyo maana siombi wote wawe watafiti. Naomba wawili au watatu katika kila kundi.

Tena tusidhani wenzetu walioendelea walilipata jambo hili kwa bahati. Mwaka 1979 James Wyngaarden aliandika nchini Marekani kwamba daktari mtafiti ni kama mnyama aliye katika hatari ya kutoweka. Madaktari vijana walikuwa wakikimbilia kazi zenye malipo mazuri. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa huko ilichapisha ripoti nzima kuhusu mafunzo ya utafiti kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa akili, ikaona kwamba vizuizi ni vitatu: masharti ya mitaala, udhaifu wa taasisi, na hali za madaktari wenyewe, hasa madeni. Dawa yao haikuwa mahubiri. Vyuo kadhaa vilianzisha njia maalumu ambamo daktari hutengewa muda wa utafiti usioguswa na zamu, hupewa mlezi wa kisayansi tangu mwaka wa kwanza, na serikali kuu ikawa na mpango wa kuwalipia madeni ya masomo wanaokubali kubaki katika utafiti. Hatuna fedha zao, lakini hilo la muda na mlezi halihitaji dola.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mate. Kuanzia mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, wagonjwa wa akili na wasio wagonjwa, walitoa mate yao kwa hiari katika utafiti mkubwa wa jeni za maradhi hayo uitwao NeuroGAP, unaoshirikisha taasisi ya Broad ya Marekani. Kwetu, vituo vyake vilikuwa Kilifi na Eldoret. Ni kazi njema na ya lazima, maana karibu wanne kati ya kila watu watano waliochunguzwa katika tafiti za namna hiyo duniani walikuwa wa asili ya Ulaya, na makisio yanayotokana nao hutupotosha sisi. Wenye mradi walianzisha pia mafunzo kwa wanasayansi vijana wa Kiafrika, na hilo nalipongeza. Hata hivyo mafunzo yanayoletwa na mradi huondoka na mradi. Mate yetu yatasomwa kwa miaka thelathini ijayo. Nani wa kwetu, anayewatibu watu wa Ganze na Iten, atakuwa na ujuzi wa kuyasoma na kusema kwamba jeni hii ina maana kwa mgonjwa wangu na ile haina?

Mambo ya mwaka 2025 yametuonyesha jinsi kamba hii ilivyo nyembamba. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mei mosi taasisi kuu ya afya ya nchi hiyo ikatangaza kusitisha utaratibu wa kupitishia washirika wa nchi za nje sehemu ya fedha za utafiti hadi upatikane mpango mpya. Watafiti waliokuwa na mikataba ya miaka mitano walijikuta hawajui ya mwezi ujao. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na ikasema hazina hiyo itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia hizo mbili hazijawahi kuonekana. Sheria iliyotungwa na Bunge letu wenyewe imegeuka kuwa tasnifu nyingine ya kabatini.

Basi niseme ninachokipendekeza, nami nakisema kwa kuzingatia mfuko tulio nao. Katika kila kundi la wanaosomea ubingwa, wawili au watatu wachaguliwe kwa shindano, si kwa kujuana, waingie njia ya miaka mitano itakayowapa ubingwa na shahada ya uzamifu kwa pamoja. Walipwe mshahara kamili. Siku mbili za kila wiki ziwe za utafiti, na msimamizi wa wodi asiwe na ruhusa ya kuziiba pindi wenzao wanapougua. Kila mmoja awe na walezi wawili, mmoja daktari wa akili na mwingine mwanasayansi kutoka KEMRI, Kilifi, Eldoret au idara ya takwimu. Swali la utafiti litoke kwa mgonjwa waliyemwona wenyewe. Kabla ya kuhitimu, wasiishie kuutetea mbele ya wahadhiri. Wakaueleze kwa wauguzi wa hospitali moja ya kaunti na kwa Kiswahili, wasikie watakavyoulizwa. Nimewahi kumsikia daktari mmoja hodari akishindwa kumweleza muuguzi faida ya kazi yake, na nadhani muuguzi yule alikuwa na haki ya kupiga miayo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo bila hilo yote haya ni kumwaga maji mchangani. Mhitimu huyo ataajiriwa wapi? Leo akirudi katika kaunti yake atafanywa msimamizi wa idara, atatumwa semina, atasaini vocha za dawa na kuhudhuria mikutano ya bajeti, na baada ya miaka mitatu atakuwa amesahau hata jina la programu ya takwimu aliyoitumia. Katika orodha ya vyeo vya utumishi wa umma hakuna daraja la daktari mtafiti anayetibu nusu ya wiki na kutafiti nusu. Mhadhiri yupo, mtibu yupo, mtafiti wa KEMRI yupo. Nahodha wa feri hana kiti.

Jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliishauri serikali mwaka 2020 itangaze afya ya akili kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikiharamisha kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakimu na wabunge wamesogea. Mathari ni hospitali ya taifa ya mafunzo na rufaa, ina wagonjwa wanaotumia klozapini, ina maabara ya damu, na ina madaktari vijana wanaopita katika wodi zake kila mwaka. Wasimamizi wake na Wizara ya Afya wanaweza kuanza na nafasi mbili tu za ajira za daktari mtafiti, zikaingizwa katika makadirio ya mwaka ujao wa fedha kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni, na kazi ya kwanza ya mwenye nafasi hiyo ikawa ni kuzihesabu chembe nyeupe za Wakenya wenye afya.